Ziara ya Gredi ya 7 kutoka Mombasa hadi Makumbusho ya Nairobi: naomba ushauri wa mpango

MwalimuTudor
Salaam nyote. Nafunza sayansi Gredi ya 7 katika shule moja hapa kisiwani. Mwalimu mkuu amekubali tuwapeleke watoto Makumbusho ya Taifa Nairobi mwezi wa Julai, na mpango mzima ameniachia mimi. Ni watoto 84. Nilivyofikiria ni hivi: tupande treni ya SGR, siku ya kwanza tufike tulale. Siku ya pili asubuhi makumbusho, mchana bustani ya nyoka, alasiri mbuga ya Nairobi, jioni tupite mjini waione KICC, lile jumba refu la mikutano. Siku ya tatu turudi. Wazazi watachangishwa. Mliowahi kupeleka kundi kubwa, nisaidieni. Watoto niwagawe vipi? Barua ziende kwa nani? Na kitu gani ambacho watu hukisahau?

KijanaWaMjiWaKale
Makumbusho, nyoka, mbuga na KICC, yote siku moja, na watoto 84? Maalim, watakachokumbuka ni viti vya basi tu.

DerevaWaChangamwe
Ya makumbusho sina, lakini njia naijua. Treni ya saa mbili asubuhi inasimama Mariakani, Voi, Mtito Andei na vituo vingine, ikifika Syokimau ni alasiri. Ile ya saa tisa alasiri ina mwendo zaidi, huchukua muda wa saa tano hivi, lakini mtashuka saa mbili usiku, tena Syokimau, wala si mjini. Chukua ya asubuhi. Basi la kuwapokea mlikodi kabla hamjatoka Mombasa, msiende kubahatisha pale nje ya stesheni na watoto wote hao.

Nauli ya daraja la kawaida tangu Januari 2024 ni shilingi 1,500. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 ndiye anayelipa nusu. Gredi ya 7 wengi wao wamefika 12 au 13, kwa hivyo wazazi usiwapigie hesabu ya nusu nauli. Shirika la reli liandikieni mapema mkiambatanisha orodha ya majina, ili mkae pamoja. Mkinunua tiketi kidogo kidogo mtatawanywa mabehewa matatu au manne, na hesabu ya watoto hutaiweza.

Miritini muwe mmefika saa moja kasoro. Mizigo inapangwa chini inanuswa na mbwa, halafu ipite kwenye mashine. Kisu cha kukatia maembe kitabaki palepale. Na kama mna watoto wanaotoka ng'ambo ya Likoni, feri ya asubuhi si ya kuwekea ahadi. Wapitie Dongo Kundu watokee Miritini, au walale kwa jamaa kisiwani.

MwalimuTudor
Ahsante sana, nimeyaandika yote. Na ndani ya makumbusho je?

BiMkubwaKizingo
Mwanangu Tudor, chaki nimeiweka chini zamani lakini ziara za watoto bado zaniwasha mikono. Nianze kwa kukufutia: mbuga toa, KICC toa. Nimewahi kuona shule moja, sitaitaja, imefika pale Museum Hill saa tano na nusu, saa saba walimu wanapiga makofi watoto wapande basi. Watoto walipita kwenye vyumba kama maji ya mvua kwenye mtaro.

Jumba lile ni kubwa. Lilifunguliwa 1930 likiitwa Coryndon, jina la gavana wa kikoloni, na baada ya ukarabati mkubwa likafunguliwa upya 2008. Ndani kuna ndege, kuna mamalia wakubwa, kuna chimbuko la binadamu, kuna historia ya nchi, kuna sanaa. Wewe chagua vyumba viwili, na ua wa nje uwe kituo cha tatu pamoja na bustani ya nyoka, ambayo iko hapohapo kwenye uwanja wa makumbusho. Watoto 84 wagawe makundi sita ya 14, kila kundi na mtu mzima wake, mwalimu au mzazi. Makundi mawili kila kituo, dakika hamsini, kisha mnazunguka. Hivyo hakuna chumba kitakachojaa hadi aliye nyuma asione kitu ila migongo ya wenziwe.

Sasa lililo kubwa kuliko yote. Zile karatasi za kujaza mapengo usizichukue, tafadhali. Mtoto akipewa karatasi ya "Mnyama huyu anaitwa ______" atanakili kibao bila kumtazama mnyama, halafu atakimbilia kibao kingine. Mpe swali moja tu la kulifuatilia, alianze huku darasani.

Mfano ni Kijana wa Turkana, mifupa ya kijana wa jamii ya binadamu wa kale. Alipatikana 1984 kando ya mto Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, na aliyekiona kipande cha kwanza ni Kamoya Kimeu, Mkenya mwenzetu, mtu ambaye jicho lake liliona mifupa mahali wengine walipoona kokoto. Mifupa ina umri wa karibu miaka milioni 1.5, na ni karibu mwili mzima, jambo ambalo kwa visukuku (mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe) vya umri huo ni nadra mno. Meno yanaonyesha alikufa akiwa na miaka 8 au 9 hivi. Lakini kimo chake ni kama mita 1.6!

Basi wiki moja kabla ya safari wapime watoto kimo ukutani, kila mmoja aandike chake na umri wake. Wakifika pale mbele ya mifupa watajiuliza wenyewe: huyu wa miaka tisa mbona ananipita mimi wa kumi na mbili? Je, walikua haraka kuliko sisi? Umri wa mtu aliyekufa zamani hivyo unaujuaje kwa meno? Wataalamu wenyewe umri wake wameubishania, wapo wanaosema alikuwa mkubwa zaidi ya hapo. Waache na wao wabishane. Mtoto aliyebishana juu ya mifupa hataisahau.

Uani yupo sanamu wa Ahmed, yule ndovu wa Marsabit mwenye pembe ndefu aliyewekewa ulinzi kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta, akafa 1974 kwa uzee. Hapo ndipo pa kupumzikia, kula na kuchora.

Penseli, wasichukue kalamu za wino. Barua andikia idara ya elimu ya makumbusho, utaje tarehe, saa, idadi, gredi na mada unayofunza, uombe mwongozaji kwa kila kituo. Ukiandika tu "tunakuja kutembea" mtatembezwa kweli. Kiingilio siku hizi kinalipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, kwa hivyo mfuko wa noti usiubebe.

MamaSalmaBondeni
Nyongeza ndogo tu. Siku ya makumbusho isiwe Ijumaa, wavulana wakubwa watataka kwenda kuswali na mpango wote utavunjika katikati. Ulizeni mapema kuhusu mahali pa adhuhuri. Na chakula cha kule mnakolala hakikisheni ni halali, msingoje watoto wafike wakatae sahani.

MuuguziKisauni
Mwalimu, hapo uliposema Julai nimeshtuka. Sweta ni jambo la kwanza, la pili na la tatu. Watoto wetu wengi hawana sweta ya maana. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi baridi yake inaingia mifupani.

Sisemi hivi kwa sababu ya mafua. Huku Pwani tuna watoto wengi wenye seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, na baridi pamoja na kukosa maji mwilini ni mambo mawili yanayojulikana kuamsha maumivu yao makali. Katika watoto 84 wa Mombasa usishangae ukiwa nao mmoja au zaidi, na pengine mzazi hajawahi kukwambia kwa kuona aibu. Fomu ya idhini ya mzazi isiwe na sahihi tu. Iulize waziwazi: seli mundu, pumu, kifafa, dawa anazotumia, na nani wa kupigiwa simu usiku. Mwenye pumu asafiri na pampu yake mfukoni, isiwe ndani ya begi lililo chini ya mabegi mengine. Mwenye seli mundu mzazi amuulize daktari wake kwanza, na akiruhusiwa awe na chupa ya maji mkononi muda wote, aruhusiwe kwenda msalani kila anapoomba bila kuulizwa maswali mbele ya wenzake.

Kama tarehe bado haijafungwa, sogezeni hadi Septemba. Gredi ya 7 hawana mtihani wa kitaifa, na baridi itakuwa imepungua.

BabaWawiliLikoni
Nimesoma yote na naheshimu. Lakini niulize kama mzazi. Nauli ya treni kwenda na kurudi tayari ni 3,000. Ongeza basi la kule, malazi, chakula, kiingilio. Mimi nina wawili shuleni. Kwenye hao 84 kuna wangapi watakaokaa nyumbani kwa sababu baba ni mchukuzi bandarini na mwezi huo meli zilikuwa chache? Halafu wenzao warudi na picha za nyoka, na mwalimu afunze somo kwa kurejelea ziara ambayo nusu ya darasa haikuenda. Hii ndiyo sayansi?

Na kwa nini mtoto wa Mombasa lazima apelekwe Nairobi ndipo aone elimu?

KijanaWaMjiWaKale
Baba Wawili amesema. Fort Jesus iko hapa, mifupa ya nyangumi imo ndani. Matatu shilingi hamsini.

JongooMwekundu
Nimengoja mtu aseme hilo. Kama mada ni viumbe na mazingira, Haller Park pale Bamburi ni darasa tosha, na sizungumzii twiga na kiboko. Pale palikuwa shimo la machimbo ya saruji, mwamba mtupu, mweupe, hakuna udongo. Mwaka 1971 Mswisi René Haller akaanza kujaribu miti, aina 26, mingi ikafa. Mivinje ikastahimili. Lakini majani ya mvinje yakaanguka yakakaa hivyohivyo, hayaozi, kwa hivyo udongo haukupatikana. Aliyetatua kesi hiyo ni jongoo. Akaletwa jongoo mwenye miguu myekundu, akayala majani, kinyesi chake kikawa mbolea, mimea mingine ikapata pa kushika. Msitu wote mnaouona leo umesimama juu ya mavi ya jongoo, samahani kwa lugha.

Mpeleke mtoto wa Gredi ya 7 pale, mpe jongoo mkononi, mwambie asimulie mnyororo wote kuanzia jani hadi twiga. Habari ya Owen na Mzee, yule kiboko mdogo aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamfuata kobe kama mamake, wazazi wao watawasimulia njiani.

BiMkubwaKizingo
Baba Wawili hoja yako ni nzito, wala sitaijibu juu juu. Nakubaliana nawe nusu. Watoto wote waanzie hapa nyumbani, asiachwe hata mmoja, na hili la Fort Jesus si la kubezwa.

Ngome ile Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, na kuta zake ni mawe ya matumbawe. Watu hupelekwa pale kusikiliza habari za mizinga na kuzingirwa kwa 1696 hadi 1698, na ni sawa. Lakini hebu wapeleke watoto karibu na ukuta, karibu kabisa, watafute maumbo ndani ya jiwe: vijitundu vilivyopangika, mistari kama ya ubongo, vipande vya kombe. Hivyo vilikuwa viumbe hai. Kisiwa chetu chenyewe ni mwamba wa matumbawe ulioota chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo. Na machimbo ya Jongoo kule Bamburi ni mwamba huohuo, ndiyo maana palichimbwa chokaa ya saruji. Mtoto wa Mombasa amezaliwa juu ya kisukuku, anakikanyaga akienda dukani, na nyumba ya nyanyake imejengwa kwacho. Akienda Nairobi bila kulijua hilo atadhani visukuku ni vitu vya Turkana peke yake.

Lakini nusu ya pili sikubali. Kijana wa Turkana hatumpati Mombasa. Kuna vitu ambavyo mtoto ana haki ya kuviona kwa macho yake kwa sababu ni vyake, na kama pesa ndiyo kikwazo basi tuitafute pesa. Tusimwambie kwamba hahitaji.

BabaWawiliLikoni
Hapo kwenye "tuitafute" ndipo ninapongoja kusikia, Bi Mkubwa. Nani aitafute?

DerevaWaChangamwe
Mkisafiri kwa treni, njia nayo ni somo. Mtapita katikati ya Tsavo. Ndovu wake ni wekundu kwa sababu ya vumbi la udongo ule, na reli imeinuliwa sehemu nyingine na kuachiwa mapenyo chini ili wanyama wavuke. Watoto wahesabu wanyama kutoka Voi hadi Mtito Andei. Hata abiria wazima hufanya hivyo.

KijanaWaMjiWaKale
Na wale simba wala watu wa Tsavo, wako makumbusho gani? Nairobi?

MkutubiNyali
Wako Chicago, ndugu yangu. Mwaka 1898, reli ya zamani ilipokuwa inavuka mto Tsavo, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni walivamia kambi za wafanyakazi kwa miezi. John Henry Patterson, msimamizi wa daraja, akawaua Desemba mwaka huo. Ngozi zao akazifanya mazulia ya nyumbani kwake kwa miaka mingi, kisha 1924 akaziuzia Field Museum kwa dola 5,000, zikashonwa upya na kujazwa.

Mwalimu, hapa kuna somo zuri kwa safari yenu kuliko kuhesabu twiga. Patterson alikuja kudai kwamba simba hao walikula watu 135. Wanasayansi walipopima kemikali katika mifupa na manyoya yao, na kuchapisha matokeo 2009, wakakadiria kama 35. Mwaka 2024 wengine wakachapisha uchunguzi wa nywele zilizokwama katika meno yaliyovunjika, wakakuta za twiga, pundamilia, nyumbu, na za binadamu. Kwa nini walikula watu? Wapo wanaotaja jino lililooza la mmoja wao, kwamba hakuweza kuwinda mnyama mgumu. Wapo wanaotaja sotoka, ugonjwa wa mifugo uliofyeka ng'ombe na nyati miaka ya 1890. Wasomee watoto madai haya mawili kabla ya Voi, wachague upande, watetee. Wakifika makumbusho watakuwa wamejua kitu kinachoitwa ushahidi.

Ila swali la kwa nini simba wetu wako Marekani watawauliza nyinyi walimu, jiandaeni.

MamaSalmaBondeni
Mkutubi, baada ya hadithi hiyo watoto watalala kweli huko ugenini?

MuuguziKisauni
😂 Watalala, Mama Salma. Wasiolala ni walimu. Na hapo hapo niseme: wasichana wapate mwalimu wa kike analala nao bweni moja, na awe na sodo za akiba. Umri ndio huo.

MwalimuTudor
Nimekaa na mwalimu mkuu leo. Mpango umebadilika hivi.

Julai hatuendi Nairobi. Watoto wote 84 wataenda Fort Jesus asubuhi na Haller Park siku nyingine, kwa basi la shule, na kwenye ngome kazi ni moja tu: kuchora maumbo matatu ya viumbe waliyoyaona ndani ya mawe ya ukuta. Mifupa ya nyangumi tutaipima kwa kamba.

Nairobi imesogezwa Septemba, kuanzia Jumatatu hadi Jumatano. Treni ya asubuhi, basi litatungoja Syokimau, malazi tutaomba bweni la shule moja huko. Makumbusho tu, siku nzima, vituo vitatu kama alivyopanga Bi Mkubwa. Mbuga nimeifuta. KICC wataiona kwa mbali basi likipita. Fomu ya idhini nimeiandika upya kwa maswali ya Muuguzi, na barua ya kibali naipeleka ofisi ya elimu ya kaunti ndogo wiki ijayo.

Kuhusu pesa, Baba Wawili, tumeamua wazazi walipe kidogo kidogo kuanzia sasa kupitia akaunti ya shule, na wahitimu wetu wa zamani wameombwa kulipia wasioweza. Jina la aliyelipiwa halitajulikana darasani. Mwalimu mkuu amesema mtoto hata mmoja akikosa kwa sababu ya pesa, hakuna anayekwenda.

BabaWawiliLikoni
Nitaikumbuka hiyo sentensi ya mwisho, maalim. Kulipa kidogo kidogo nimekubali. Lakini mkifika Agosti pesa hazijatimia mtuambie mapema, msije mkawaahidi watoto halafu mkawavunja moyo siku mbili kabla ya safari. Na mimi nina siku za mapumziko Septemba. Kama mnahitaji mtu mzima wa kundi la sita, niandikeni.

MwalimuTudor
Umeandikwa, Baba. Kundi la sita ndilo lenye wavulana watundu.

DerevaWaChangamwe
Barua ya reli usingoje pesa zikamilike. Andika sasa uulize nafasi, majina yatafuata.

BiMkubwaKizingo
Na ya makumbusho pia, Tudor. Septemba shule za bara nazo zimefungua, na zote zinataka asubuhi. Omba saa tatu unusu, kisha upige simu kuhakikisha, kwa sababu barua hulala mezani. Na hao watoto waanze kupimwa kimo Julai, wapimwe tena Septemba. Watakuwa wamerefuka, na hilo nalo wataliuliza mbele ya yule kijana.